Bwana Msa Kafika Litembo: Je, Bi Harusi Asome Hadithi za Upelelezi?



Leo hatuzungumzii hina wala nguo ya usiku wa harusi. Tunazungumzia kitabu, na ndani yake tutaisema aibu yetu wenyewe, maana aliyekosea kwenye habari hii si mtu wa mbali. Ni sisi.

Mwaka wa jana tulikaa kumfungia sanduku mwenzetu aliyekuwa akiolewa. Mumewe ni kijana wa hapa hapa Unguja, lakini riziki yake iko bara: ananunua kahawa Litembo, kwenye milima ya Wamatengo, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Kutoka kwetu ni boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi la zaidi ya kilomita 900 mpaka Songea, kisha Mbinga, kisha kupanda mlima. Ukiendelea mbele kuelekea magharibi unateremka mpaka Ziwa Nyasa. Basi tukapanga kanga doti kwa doti, mswala, msahafu, chetezo na udi wake, na juu yake masweta matatu, kwani tuliambiwa huko mwezi wa sita na wa saba baridi inaingia mpaka mifupani.

Bi harusi akaja na kitabu chake, kimechakaa, gamba limeshikiliwa na solotepu: Mzimu wa Watu wa Kale, cha marehemu Muhammed Said Abdulla. Kilikuwa cha bibi yake mzaa mama. Shangazi yake alipokiona akakitoa.

"Kitabu cha mizimu hakifungwi pamoja na msahafu."

Bi harusi hakubishana. Akakitia kwenye mkoba wa mkononi. Lakini sisi tuliobaki tukagawanyika pale pale, na mjadala ule haujaisha mpaka leo.

Wasomaji wanasemaje

Kwa mabinti wasiomjua, Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya, kisha akageukia magazeti. Hadithi yake hii ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957–58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Zikafuata nyingine: Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu, Mwana wa Yungi Hulewa, na Kosa la Bwana Msa. Alifariki mwaka 1991. Ndani ya hadithi hizo yumo Bwana Msa, mzee wa kiko na maswali madogo madogo, aliye kwa Kiswahili kama Sherlock Holmes kwa Waingereza. Yumo Najum, rafiki yake, na yumo Inspekta Seif wa polisi.

Maoni ya wasomaji wanawake tuliowasikiliza yanaangukia mafungu matatu.

La kwanza ni la shangazi: vitabu hivi vina mizimu, visima vya wachawi na mambo ya giza, na Muislamu hatakiwi kuvigusa. Majina yenyewe yanamtisha mtu. Giningi ni jina ambalo visiwani kwetu watu walilitaja kwa kunong'ona, kuwa ndiko wachawi wanakokutana. Na Mke Mmoja Waume Watatu, mama mmoja alituambia, hilo jina pekee limemtosha hata asifungue ukurasa wa kwanza.

La pili ni la wanaosema ni upuuzi wa kupitisha muda. Mke ana nyumba, ana ibada, ana mume. Hadithi za nani kamuua nani zitamfaa nini?

La tatu ndilo lililotugusa zaidi, na lilitoka kwa somo mmoja wa siku nyingi, aliyefunda mabibi harusi wengi kuliko vidole vya watu kumi. Yeye alisema: "Msimfundishe bi harusi upelelezi. Ndoa ngapi nimeziona zimevunjika kwa sababu mke kageuka polisi? Kila simu ya mume anaipekua, kila harufu ya shati anainusa. Kitabu hicho mnamtilia moto sandukuni."

Tulimheshimu na tukanyamaza. Leo tunataka kumjibu kwa adabu, na jibu letu limetoka Litembo.

Simu ya kwanza

Mwenzetu alipofika alipangiwa nyumba jirani na mji wa bibi mmoja wa Kimatengo, mjane, anayeishi na mjukuu wake wa kike anayesoma sekondari. Litembo ni mahali pa Wakatoliki, kuna misheni ya zamani na hospitali ya kanisa. Waislamu pale ni wachache, na mwanamke wa Kizanzibari aliyejifunga mtandio akapita njiani kila mtu anamgeukia. Hilo si kosa, ni ugeni tu.

Wiki ya tatu akatupigia simu usiku, mumewe akiwa safarini. Sauti ilikuwa chini. Alisema amekaribishwa jikoni kwa yule bibi, na juu ya moto ameona mahindi yamening'inizwa, mashuke mazima, meusi kwa masizi, yamefungwa kwa kamba mafungu mafungu. "Hayaliwi," alisema. "Nimemuuliza mjukuu, kanambia hayo hayaliwi, hayo ni ya bibi. Jamani, hawa watu wana mambo yao."

Na sisi tulifanya nini? Tulikaa sita kwenye spika ya simu, wanawake wazima, tumesoma madrasa na skuli. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la pili. Mmoja alimwambia asile tena chakula cha nyumba ile. Mwengine alimwambia asome Ayatul Kursi kila anapopita mlango ule. Kusoma Ayatul Kursi ni kheri siku zote, lakini sisi tulimpa ile aya kama ngao dhidi ya jirani asiyemfanya lolote. Mwengine wetu akasema, "Bara huko, si unajua." Sote tukaitikia, ingawa hakuna aliyejua lolote.

Mwenzetu akatufuata. Akaacha kwenda jikoni kwa bibi. Akirejeshewa sahani akaiosha mara tatu.

Simu ya pili

Mwezi haukupita akapiga tena, safari hii analia. Mambo yamegeuka. Kuku wa majirani wanakufa, wanazunguka, shingo zinapinda, wanaanguka. Na maneno yamepita kijijini kwamba mgeni wa pwani kaja na majini. Ushahidi wao ni moshi. Kila Alkhamisi jioni, usiku wa Ijumaa ukiingia, nyumba ile inatoa moshi wenye harufu ambayo haijawahi kunukia pale. Wanasema anawalisha. Watoto wameambiwa wasipite uani kwake.

Dada zetu, ni udi. Udi ule tuliomfungia sisi kwa mikono yetu.

Tulikasirika sana. Tukasema watu gani hawa, wanamzulia mtoto wa watu kwa moshi tu, bila kuuliza! Wawili kati yetu wakamwambia afunge mizigo arudi. Mumewe naye, alipopigiwa, akasema ikiwa hivyo itabidi achague baina ya kazi na mke. Ndoa ya miezi miwili ikawa inasimama kwa mguu mmoja.

Bibi yake, mwenye kitabu, ndiye aliyechukua simu. Hakumpa pole. Alimuuliza: "Kuku wa kwanza kafa lini?" Mjukuu wake akasema hajui. "Basi hujui lolote. Na hao hawajui lolote. Mkae mkijua hamjui, kisha muulizane. Kile kitabu umekipeleka kwa pambo?"

Kitabu jikoni

Yule mjukuu wa jirani alikuwa na kiu ya kusoma. Hofu ya majini haikumzuia. Akaja kuomba kitabu. Akapewa Mzimu wa Watu wa Kale. Usiku akawa anamsomea bibi yake kwa sauti, kando ya moto, na neno lisiloeleweka la Kiunguja likawa kisingizio cha kuja kuuliza asubuhi.

Neno la kwanza lililowashinda lilikuwa mzimu lenyewe. Kwa wao mizimu ni roho za waliokufa. Mwenzetu akaeleza kuwa kwetu mzimu ni mahali: pango, gofu au mti mkubwa ambapo watu wasiojali dini yao huweka ubani na chakula wakiomba haja. Kumbe hadithi ile inawahusu wote wawili, kila mmoja kwa upande wake. Mwenye mali kakutwa amekufa mzimuni, na watu wa kijiji tayari wana jibu: mzimu umemuua. Bwana Msa ndiye peke yake asiyelikubali jibu lililokuja kabla ya swali.

Bibi wa Litembo, tunavyosimuliwa, alikuwa upande wa mzimu mpaka karibu na mwisho. Alimwambia mjukuu wake kwamba huyo mzee wa kiko anajisumbua. Hatutawatolea siri mabinti ambao hawajakisoma, lakini si siri kusema kuwa kitabu kinamalizika kwa mkono wa binadamu, si wa pepo. Siku waliyomaliza, bibi yule alinyamaza muda mrefu. Kesho yake akaenda mwenyewe kwa mwenzetu, akasimama uani.

"Mwanangu, ule moshi wako wa Alkhamisi, ni wa nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza. Mwenzetu akatoa chetezo, akatoa udi, akampa aushike na kuunusa bila moto. Akamwambia kwetu nyumba hufukizwa, nguo hufukizwa, bi harusi hufukizwa, ni manukato tu. Bibi akacheka, akasema kanisani kwao wanafukiza ubani pia na hakuna anayesema padri ana majini. Kisha akakaa juu ya kinu akaanza kuhesabu kwa vidole. Kuku wake wa kwanza alikufa wakati wa kuvuna maharage. Wa mjomba wake alitangulia. Mgeni huyu alishuka kwenye gari lini? Baada. Basi kuku walikwisha kuanza kufa yeye akiwa bado Unguja anapakwa hina. Ni mdondo, akasema bibi, ugonjwa ule ule unaokuja karibu kila mwaka, na sote tulikuwa tunaujua.

Ndipo mwenzetu akapata ujasiri wa kuuliza lake. "Na yale mahindi juu ya moto, bibi?"

Ni mbegu. Moshi unawafukuza wadudu, mahindi yanakaa salama mpaka mvua zifike. Hayaliwi kwa sababu yakiliwa mwakani hakuna cha kupanda.

Alipotusimulia, hakuna aliyezungumza. Tuliwakasirikia watu wa Litembo kwa kumhukumu mtu kwa moshi wake. Sisi tulimhukumu bibi wa watu kwa moshi wake vile vile, na tukatia na jina la Mwenyezi Mungu juu.

Uchunguzi si upelelezi

Sasa tumjibu somo. Yeye ana haki. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inatukataza dhana nyingi, inatukataza kuchunguzana siri, na inatukataza kusengenyana. Mke anayefungua simu ya mume aliyelala hawezi kujitetea kwa Bwana Msa wala kwa mtu mwengine. Lakini katika sura hiyo hiyo, aya ya 6, tumeamrishwa kwamba habari ikiletwa na mtu asiyeaminika tuihakikishe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Zote mbili ni amri za sura moja. Moja inakukataza kuifukua siri ya mwenzako, nyingine inakukataza kuimeza habari uliyoletewa. Simu yetu ya usiku ule ilivunja zote mbili: tuliiingilia nyumba ya watu kwa dhana, na tuliipokea habari bila swali.

Na nani anasema kisa cha ushahidi si cha Muislamu? Katika Surat Yusuf ndugu walileta kanzu yenye damu ya uongo wakasema mbwa mwitu kamla, na Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake, hakudanganyika. Mbele katika sura hiyo hiyo kuna kanzu nyingine, na shahidi akasema itazamwe: imechanika mbele au nyuma? Ilikuwa imechanika nyuma, na Nabii Yusuf akasafika.

Kisha kumbukeni kisa cha Bibi Aisha, Allah amridhie. Mkufu umepotea, msafara umeondoka, kabaki nyuma peke yake, karejea akisindikizwa na Safwan. Mambo hayo yalitosha kwa wanafiki kuzusha, na kwa waumini wengine kurudia walichosikia, na maneno yakaenea Madina kiasi cha mwezi mzima mpaka zikashuka aya za Surat An-Nur. Aya zile zinauliza kwa nini waumini wanaume na wanawake hawakudhaniana wema, na kwa nini hawakuletwa mashahidi wanne. Bibi Zaynab bint Jahsh, aliyekuwa mke mwenza na mwenye nafasi ya kumuangusha, alipoulizwa alihifadhi masikio na macho yake, akasema hajui ila kheri. Huyo ndiye mwanamke tunayetaka bi harusi wetu afanane naye.

Kwa hiyo tunasema wazi: tatizo la kitabu cha upelelezi si kitabu, ni mahali msomaji anapolielekeza jicho. Ukikisoma ukatoka na hamu ya kumshika mumeo, hukukisoma. Bwana Msa shabaha yake kubwa ni maneno ya watu: nani kasema, kajuaje, lini, na kama si hivyo ingekuwaje. Maswali hayo bi harusi ayaelekeze kwanza kwenye dhana yake mwenyewe, kisha kwenye simu za mashoga zake, na sisi tumo.

Kwa shangazi tunasema jina la kitabu si kitabu. Mzimu umo kwenye gamba, na hadithi inauvunja. Kwa wanaosema ni upuuzi, tunakubali kwamba hadithi ikikukosesha sala ifunge. Lakini sheria hiyo iwe na kwa tamthilia za Kituruki tunazozikeshea bila kuulizana.

Hatusemi vitabu hivi havina kasoro. Wanaochunguza ni wanaume: Bwana Msa, Najum, Inspekta Seif. Wanawake mara nyingi wanachunguzwa, wanapendwa au wanashukiwa. Tunatamani siku moja mwanamke wa visiwa hivi atuandikie Bi Msa, mwenye kujua kwamba siri nyingi za dunia ziko jikoni. Akitaka mfano aende Litembo, kwa bibi aliyekaa juu ya kinu akahesabu kuku wake kwa vidole.

Mabibi harusi mnaojiandaa, tuna ushauri mmoja. Ukifika ugenini, kabla hujapiga simu nyumbani kusema "hawa watu wana mambo yao", nenda kaulize. Na sisi mashoga na mashangazi, tukipigiwa, tuulize "umejuaje?" kabla ya kutoa dua na kabla ya kutoa hukumu. Wamatengo wanalima kwenye miteremko mikali kwa mashimo wanayoyaita ngolo, yanayoyazuia maji ya mvua yasishuke kwa kasi na udongo. Yule bibi alimwambia mwenzetu kuwa maneno nayo yanataka shimo: yasimame kwanza, yazame, ndipo ujue yamebeba nini.

Mwenzetu bado yuko Litembo, alhamdulillah, na ana mimba ya miezi mitano. Kitabu hakijarudi, kimezunguka nyumba nne na solotepu imeongezwa. Juzi ametuma ujumbe kuomba Kisima cha Giningi, kwa sababu bibi hataki kusubiri mavuno. Shangazi yake ndiye aliyekwenda Darajani kukitafuta.

Mwenyezi Mungu atusamehe dhana zetu, na atujaalie ndimi zenye kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.